Jina la Chuo au Kozi? Fungua Kwanza Ratiba ya Mwaka wa Tatu

Kila msimu wa udahili ubishi ni ule ule. Kijana ana barua mbili mkononi. Moja imetoka chuo ambacho kila mtu amewahi kukisikia, ila idara ya kozi anayoitaka ni changa, au amepewa kozi aliyoiweka chaguo la nne. Nyingine imetoka chuo kisicho na makeke, ambacho watu wa fani hiyo wanakijua kwa sababu wamefanya kazi na wahitimu wake. Wazazi wanavutia kwenye jina. Mwalimu wa fizikia anavutia kwenye kozi. Marafiki wanasema yote sawa tu, digrii ni digrii.

Hao marafiki ndio waliokosea zaidi. Wazazi na mwalimu kila mmoja ana hoja, ila tumezoea kuzipiganisha hoja hizo kana kwamba moja ikiwa kweli nyingine lazima iwe uongo. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kwa fani nyingi, chagua kwa kozi, na kwa kozi namaanisha idara inayoifundisha, yaani wahadhiri wake, maabara zake na ratiba yake. Jina la chuo lina thamani, tena wakati mwingine kubwa sana, lakini haipatikani kila mahali wala hawaipati watu wote. Hulipa hasa kwenye kazi ambazo mwajiri hana njia ya haraka ya kujua kama unaziweza.

Mwaka 2002 watafiti wawili wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walichapisha utafiti ambao hadi leo unanukuliwa na pande zote mbili za ubishi huu. Kila mtu alikuwa anajua kwamba waliosoma vyuo vigumu kuingia hulipwa zaidi. Wao wakauliza: ni chuo kilichowafikisha huko, au chuo kilichagua watu ambao wangefika huko hata bila chenyewe? Wakawachukua wanafunzi walioanza chuo mwaka 1976, wakawalinganisha wale waliokuwa wameomba na kukubaliwa na vyuo vya hadhi inayofanana, lakini wakaishia kusoma vyuo tofauti. Pengo la mishahara likayeyuka karibu lote. Aliyekubaliwa na chuo kikubwa akaamua kwenda kwenye kidogo, kwa wastani alilipwa sawa na mwenzake aliyekwenda kwenye kikubwa.

Watu wengi wanaonukuu utafiti huo huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Dale na Krueger wenyewe walikuta kundi ambalo kwao chuo kigumu kuingia kililipa kweli: wanafunzi waliotoka familia za kipato kidogo. Katika kazi yao ya baadaye wakaongeza wanafunzi weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wale ambao wazazi wao hawakusoma sana. Kwa maneno mengine, mtoto wa daktari hakupata cha ziada kutoka kwenye jina la chuo, ila mtoto wa dobi alipata.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 2023, Raj Chetty, David Deming na John Friedman wakalirudia swali hilo wakiwa na data kubwa zaidi. Waliangalia vyuo 12 tu, vile vinane vya hadhi vinavyoitwa Ivy League pamoja na Stanford, MIT, Duke na Chicago, wakawalinganisha waombaji waliokuwa kwenye orodha ya kusubiri: waliobahatika kuchukuliwa dhidi ya walioachwa wakaenda vyuo vikuu vya umma. Kwenye kipato cha wastani tofauti ilikuwa ndogo. Lakini nafasi ya kuingia katika ile asilimia 1 ya wanaolipwa zaidi nchini iliongezeka kwa takriban nusu, nafasi ya kwenda shahada ya juu katika chuo cha hadhi ikakaribia maradufu, na nafasi ya kuajiriwa na kampuni zenye jina ikawa mara tatu.

Ukizisoma tafiti hizo mbili pamoja, utaona hazipingani. Jina la chuo haliinui maisha ya mhitimu wa kawaida kwa kiasi watu wanachodhani. Linafungua mlango mmoja mwembamba, wa juu kabisa, na anayepita hapo anafaidi sana. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza kijana mwenye barua mbili ni kama mlango anaoutaka ni huo.

Chile inaongeza kitu ambacho hakipendezi kukisikia. Seth Zimmerman, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, aliwafuatilia waombaji waliovuka kidogo tu alama za kuingia kwenye kozi za hadhi zinazoelekeza kwenye biashara nchini humo na wale waliozikosa kidogo tu. Waliovuka walipata zaidi nafasi za uongozi wa makampuni na vipato vya kileleni. Ila faida hiyo yote iliwaendea wavulana waliotoka shule za sekondari binafsi za ada kubwa. Wasichana, na wavulana wa shule nyingine, waliketi madarasa yale yale, wakasikiliza mihadhara ile ile, na kwenye vyeo vya juu hawakuonja kitu.

Sasa inakuwaje Marekani anayefaidi ni asiye na kitu, halafu Chile anayefaidi ni yule aliyekuwa nacho tangu mwanzo? Mimi naisoma hivi. Kinachopita kwenye jina la chuo ni kujuana. Pale ambapo kujuana huanzia chuoni, mgeni anaingia mikono mitupu na kutoka na namba za simu za watu ambao asingewafikia maishani mwake. Pale ambapo kujuana kulishakamilika sekondari, chuo ni mahali pa watu wale wale kukutana tena, na mgeni anakaa pembeni na cheti chake kizuri. Ndiyo maana ushauri wa jumla jumla kuhusu jina haufai. Kabla ya kulilipia jina ujue wanaolitumia wanalitumiaje, na kama wewe utakaribishwa mezani au utaishia kupiga picha getini.

Upande wa kozi, ushahidi ninaouamini zaidi unatoka Norwei. Huko udahili hufanywa na mfumo mmoja wa taifa: mwombaji anaorodhesha kozi na chuo kwa pamoja, alama zinaamua, kwa hiyo kila mwaka kuna watu waliokosa chaguo la kwanza kwa sehemu ndogo ya alama wakaangukia la pili. Lars Kirkeboen, Edwin Leuven na Magne Mogstad walitumia mipaka hiyo, na mwaka 2016 wakachapisha walichokuta. Kubadili fani kulibadili kipato sana. Kubadili chuo ndani ya fani ile ile kulibadili kidogo. Na jambo la tatu, ambalo nadhani ndilo la thamani kuliko yote: watu walifaidika zaidi na fani waliyoipendelea wenyewe kuliko ile ya pili, hata pale ambapo kwa wastani ile ya pili hulipa vizuri. Watu hawakuwa wakichagua kwa upofu. Walikuwa wanajua wapi wanaweza.

Norwei si dunia nzima. Vyuo vyake havipishani sana kama vya nchi nyingine, na mishahara yake imebanana. Lakini hata Uingereza, ambako majina ya vyuo yana uzito wa karne nyingi, takwimu zinazounganisha rekodi za elimu na za kodi zinaonyesha kwamba waliosoma udaktari na uchumi wako juu na waliosoma sanaa za ubunifu wako chini, na pengo hilo ni kubwa mno kuzibwa na jina peke yake. Simwambii mtu aache kuchora akasome uchumi. Ninachosema ni kwamba anayeacha fani yake ili aingie chuo chenye jina kupitia kozi yoyote iliyopatikana, mara nyingi amebadilisha kitu kikubwa kwa kidogo.

Rudi kwenye lile la mwajiri. Mhitimu wa uhandisi wa ujenzi akiingia kwenye usaili, anawekewa mchoro wa boriti mbele yake, anaulizwa mzigo ukikaa hapa nondo ziende wapi, juu au chini. Dakika tano zinatosha. Mhandisi aliyeketi upande wa pili haulizi tena chuo gani, ameshaona. Mwandishi wa programu anapewa tatizo alitatue wakimwangalia. Muuguzi na mhasibu wana mitihani ya bodi, na bodi haisomi jina la chuo kwenye karatasi ya majibu. Kwenye fani za namna hiyo jina linakusaidia kuitwa kwenye usaili wa kwanza, pengine wa pili, kisha linanyamaza.

Linganisha na kampuni ya ushauri wa biashara inayomwajiri kijana wa miaka 22 aende kuwaambia wakurugenzi wa miaka 50 namna ya kuendesha kampuni yao. Uwezo wa kijana huyo unaupimaje? Haupimiki. Basi mwajiri anashika kilichopo: jina la chuo, kwa kuwa mteja naye analijua. Benki za uwekezaji hufanya hivyo hivyo. Sheria katika ngazi za juu ni hivyo hivyo: kufikia mwaka 2025, majaji wanane kati ya tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikuwa wamesoma sheria ama Harvard ama Yale. Kijana anayelenga huko akiniuliza, nitamwambia achukue jina na asitazame nyuma. Siasa nayo imo humo katika nchi nyingi, ingawa wanasiasa wenyewe hawapendi kulisema hilo.

Katikati kuna fani ambazo ni mchanganyiko. Uchumi ni mojawapo, uandishi wa habari mwingine, na utafiti wa sayansi nao ni wa ajabu kidogo, kwa sababu humo jina lipo ila ni jina la idara, na mtu wa nje hawezi kulisoma. Chukua optiki, sayansi ya mwanga na lenzi. Nchini Marekani chuo kilichotangulia kuwa na taasisi ya fani hiyo ni Chuo Kikuu cha Rochester, mwaka 1929. Rochester hakiko Ivy League, na ukikitaja kwenye sherehe watu watakuuliza kiko wapi. Lakini mbinu ya kukuza nguvu ya mipigo mifupi ya leza ambayo iliwapa Donna Strickland na Gérard Mourou Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2018 walibuni huko, Strickland akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu. Kwa mtu wa leza, Rochester ni jina zito kuliko vyuo vingi ambavyo mjomba wako angevifurahia. Wageningen cha Uholanzi kiko hivyo hivyo kwenye kilimo. Aliye nje ya kilimo hakijui, na aliye ndani anajua kwamba barua ya mapendekezo kutoka huko ina nguvu gani.

Kuna pia hadithi ya Neil Armstrong, ambayo watetezi wa kozi huipenda mno. Alikubaliwa MIT, akaenda Purdue kusoma uhandisi wa ndege mwaka 1947, masomo yakakatizwa na vita vya Korea, akahitimu mwaka 1955. Mtu wa kwanza kukanyaga mwezi alitoka chuo cha umma cha Indiana, na wa mwisho hadi sasa kuacha nyayo zake huko, Eugene Cernan, alihitimu hapo hapo mwaka uliofuata. Ni hadithi nzuri, ila haithibitishi chochote, kwa kuwa mtu wa aina ya Armstrong angefika mbali hata angesomea wapi. Ninachokichukua humo ni kidogo tu: hata wakati ule Purdue kilikuwa na idara ya uhandisi wa ndege inayoheshimiwa na waliohitaji kuajiri wahandisi wa ndege, na hao ndio waliokuwa na maana kwake.

Hapa ndipo orodha za vyuo bora duniani zinapoingia na kuharibu mambo. Mzazi anafungua orodha, anaona chuo kimoja ni cha 60 na kingine cha 340, anafunga mjadala. Angejua namba hizo zinavyotengenezwa angesita. Orodha ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003, inatoa asilimia 30 ya alama kwa wahitimu na wahadhiri waliopata Tuzo ya Nobeli au Medali ya Fields ya hisabati, na sehemu kubwa ya zilizobaki inatokana na makala za utafiti na watafiti wanaonukuliwa sana. Hakuna hata alama moja inayopatikana kwa kuingia darasani na kumwangalia mhadhiri akifundisha mwaka wa kwanza. Mshindi wa Nobeli wa mwaka 1985 ambaye amestaafu kufundisha bado anakibeba chuo. Orodha ya QS nayo, kwa miaka mingi, ilitoa asilimia 40 kwa maoni ya wasomi walioulizwa vyuo gani wanaviona bora, na ilipopunguza kiwango hicho hadi 30 ikaongeza maoni ya waajiri kutoka 10 hadi 15. Yaani karibu nusu ya alama ni kuwauliza watu nani ana jina. Wanajibu, majibu yao yanatangazwa, mwaka unaofuata wanaulizwa tena wakiwa wameshasoma yaliyotangazwa.

Na hizo ni orodha zinazotengenezwa kwa uaminifu. Mwezi wa Februari 2022 Michael Thaddeus, profesa wa hisabati wa Columbia, alichambua takwimu ambazo chuo chake mwenyewe kilikuwa kimezipeleka U.S. News, watengenezaji wa orodha ya vyuo vya Marekani, akaonyesha kwamba kadhaa hazilingani na ukweli, ukiwemo ukubwa wa madarasa. Wakati huo Columbia kilikuwa cha pili nchini. Kwenye orodha iliyofuata kikawa cha 18, na chuo kikakiri kwamba baadhi ya takwimu zilikuwa na makosa. Wahadhiri walikuwa wale wale, majengo yale yale. Aliyekichagua kwa sababu ni cha pili alikuwa amechagua nini hasa?

Kuna kitu kimoja ambacho wazazi hawakitazami na kinapaswa kutangulia orodha yoyote: ithibati ya kozi. Kwenye uhandisi, bodi kama ABET ya Marekani huithibitisha kozi moja moja, haithibitishi chuo kizima. Chini ya Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, nchi wanachama hutambuliana digrii za uhandisi zilizothibitishwa, na hapo tena kinachotambuliwa ni kozi. Chuo kinaweza kuwa na jina kubwa na kozi yake mpya ya uhandisi ikawa bado haijapata ithibati. Mhitimu wake akivuka mpaka kuomba usajili wa kitaalamu anaanza kueleza mambo ambayo mwenzake wa chuo kidogo haulizwi. Kwa fani zenye leseni, kozi isiyo na ithibati ni ya kukataa hata kama chuo kinang'aa kiasi gani.

Nimesema idara, na idara inakaguliwa. Fungua tovuti yake. Prospektasi itakuonyesha masomo ya kuchagua ya mwaka wa tatu na wa nne yanayotoa mate: roboti, miundo ya madaraja marefu, usalama wa mitandao, na mengine ishirini. Usiamini. Prospektasi ni orodha ya vitu ambavyo idara imewahi kufundisha, au inatamani siku moja kufundisha. Tafuta ratiba ya semista iliyopita, ile yenye siku, saa, chumba na jina la mhadhiri. Hesabu ni masomo mangapi ya kuchagua yaliyopata chumba. Ukikuta 24 kwenye prospektasi na manne kwenye ratiba, chaguo lako halisi ni hayo manne, na huenda mawili yanagongana Jumanne saa nne.

Kisha shuka kwenye safu ya wahadhiri. Jina moja likijirudia kwenye masomo matano yasiyohusiana, huyo mtu anaokoa jahazi, hafundishi utaalamu wake. Palipoandikwa "atatangazwa", hakuna mtu. Angalia vipindi vya maabara. Somo lenye vikundi saba vilivyogawanywa Jumatatu hadi Ijumaa lina maana wanafunzi wanagusa vifaa. Somo lenye kipindi kimoja cha saa mbili kwa wanafunzi 200 lina maana watatu wanafanya jaribio, kumi wanaona, na waliobaki wananakili majibu kwenye korido. Angalia pia masomo yanayofunguliwa mwaka mmoja na kurukwa mwaka unaofuata. Likiwa ni la lazima, na ukalifeli au ukaugua siku ya mtihani, umejiongezea mwaka mzima chuoni na hakuna aliyekuonya.

Mwaka wa kwanza hauna haja ya kukaguliwa namna hiyo. Kalkulasi ni kalkulasi karibu kila mahali, na mara nyingine chuo kidogo kinaifundisha vizuri zaidi kwa sababu anayesimama mbele ni mhadhiri mwenyewe, si msaidizi anayemaliza tasnifu yake. Mwaka wa tatu ndio unaofichua, kwani hapo idara inalazimika kuwa na watu wanaojua vitu mahususi.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya msimamo wangu ni hii: mtoto wa miaka 18 hajui anachotaka. Ni kweli. Takwimu za serikali ya Marekani zilizotolewa mwaka 2017 zilionyesha kwamba takriban theluthi moja ya wanafunzi wa shahada ya kwanza waliokwisha kutaja kozi yao waliibadili angalau mara moja ndani ya miaka mitatu. Aliyechagua chuo kwa ajili ya idara moja bora ya jiolojia, akagundua mwaka wa pili kwamba mawe yanamchosha, amekwama kwenye chuo ambacho pengine kila kitu kingine ni cha kawaida. Kwa kijana wa namna hiyo jina linaonekana kama bima.

Ni bima yenye masharti, na masharti yameandikwa kwa herufi ndogo. Vyuo vingi vikubwa vimefunga milango ya ndani. Sayansi ya kompyuta ndiyo mfano wa wazi: katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, wengi wa wanafunzi wa kozi hiyo huchukuliwa moja kwa moja wakitoka sekondari, na aliyeingia chuoni kwa kozi nyingine akitegemea kuhamia humo baadaye anapata nafasi finyu sana. Illinois, Urbana-Champaign, ugumu wa kuingia sayansi ya kompyuta haufanani kabisa na ugumu wa kuingia chuo chenyewe. Anayesema "ngoja niingie kwanza, kozi nitahamia" awe amesoma kanuni za kuhama za chuo hicho, na awe amemuuliza mtu aliyejaribu, maana kanuni huweza kuruhusu kitu ambacho nafasi haziruhusu. Asiyejua anachotaka atafute chuo ambacho kuhama ni rahisi na idara nne tano za upande anaouelekea ziko vizuri. Mara nyingi hicho si chuo chenye jina kubwa kuliko vyote wala chenye idara moja iliyotukuka. Ni cha katikati, ambacho hakuna anayekitetea kwenye ubishi huu.

Tena kuna tahadhari upande wa kozi, na watetezi wenzangu hatuipendi. Kozi finyu huzeeka. David Deming na Kadeem Noray walionyesha mwaka 2020 kwamba wahitimu wa kozi za kiufundi, hasa uhandisi na sayansi ya kompyuta, huanza na mishahara mikubwa, kisha faida hiyo inapungua kadiri miaka ya kazi inavyosonga, kwa sababu ujuzi unaohitajika kazini unabadilika na walichojifunza kinapitwa. Kwa hiyo ninapoona digrii nzima iliyopewa jina la teknolojia iliyovuma miaka mitatu iliyopita, naogopa. Idara nzuri hufundisha msingi mgumu wa fani na kuiacha teknolojia ya msimu iwe somo la kuchagua. Ukiona hisabati zimepunguzwa ili kupisha masomo yenye majina ya kuvutia, hiyo kozi inajitembeza, na wahenga walishasema kibaya ndicho hujitembeza.

Na deni? Kwa hapo sina mengi. Jina likigharimu mkopo wa miaka 15 na idara ya pili ikalipwa na ufadhili, mlango ule mwembamba wa juu lazima uwe ndio lengo lako kweli kweli, na uwe na sababu ya kuamini kwamba utapita. La sivyo unalipia picha ya getini.

Kijana mwenye barua mbili bado ana wiki chache kabla ya kujibu. Kazi moja aliyobakiwa nayo ni kuwatafuta wahitimu watatu wanne wa kila idara, waliomaliza kama miaka mitatu iliyopita. Waliomaliza mwaka jana bado wanatafuta kazi au wana uchungu na mtihani wa mwisho. Waliomaliza miaka kumi iliyopita wanasifia idara ambayo haipo tena. Asiwaulize kama chuo ni kizuri, kwani kila mtu husifia kwao. Awaulize kazi ya kwanza waliipataje, na nani aliwapigia simu. Mhadhiri gani anajua majina ya wanafunzi wake. Mradi wa mwaka wa mwisho walifanyia wapi, kwa vifaa vya nani. Wenzao wa darasa walioanza 80 walimaliza wangapi, na walioacha walikwenda wapi. Kisha awaulize swali ambalo watu hujibu bila kupamba: mdogo wako akipata barua kama hizi zangu, utamwambia asaini ipi?